Tembe la kisasa: kujenga nyumba inayoingia mlimani, kuanzia shimo la majaribio hadi ukoka wa paa

Zamani Wairaqw wa Mbulu walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, paa likalingana na ardhi ya nyuma, hata mgeni aliyetokea juu angeweza kukanyaga paa kabla hajajua kwamba amefika kwa watu. Walikuwa wakijificha wasionwe na wavamizi wa mifugo. Wagogo na Warangi nao walikuwa na matembe yao: nguzo zenye panda, boriti, fito, nyasi, kisha udongo juu. Jua la mchana halikuingia ndani, wala baridi ya alfajiri. Yaliyoyashinda matembe yalikuwa mawili, mchwa kwenye nguzo na maji kwenye paa.

Mwongozo huu unabakiza umbo lile lile na kubadili mifupa na ngozi. Nyumba ya mfano ina urefu wa mita 14 na kina cha mita 6, imeingizwa kwenye mteremko wa 1 kwa 4 (ukienda mita 4 unapanda mita 1), katika ukanda wa Dodoma, Singida, Kondoa au Mbulu. Karibu kila hatua utakayoisoma ipo kwa ajili ya maji. Udongo ukishatulia, umetulia, maji hayatulii.

Kiwanja

Mteremko mzuri ni kati ya 1 kwa 10 na 1 kwa 4. Ulio bapa zaidi utakulazimu kununua udongo wa kufukia. Ulio mkali zaidi unaweza kuporomoka, hasa kwenye milima yenye mvua nyingi. Kabla ya kulipa, tembea juu ya kiwanja, si ndani yake tu. Ukiona miti iliyopinda shina kama upinde, ujue udongo unatembea polepole. Ukiona matete au mafunjo mahali ambapo majirani wana nyasi kavu, maji yako karibu. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia, achana nao kabisa: huvimba masika na kusukuma ukuta kwa nguvu ambayo hakuna fundi atakayekuhakikishia ataizuia.

Pwani je? Tanga, Dar es Salaam, Mombasa? Hapana. Maji ya ardhini mara nyingi yako karibu, na hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima. Hewa hiyo ikigusa ukuta wenye ubaridi inatoa jasho, na ukungu mweusi unafuata nyuma ya kabati. Ardhi ya mita chache chini hushika wastani wa joto la mwaka la mahali pale. Dodoma wastani huo ni kama nyuzi 22 hadi 23, ambao ni raha tupu. Mbulu kwenye mwinuko ni baridi zaidi, kwa hiyo huko ukuta utahitaji kuvalishwa.

Uso wa nyumba utazame kaskazini au kusini. Mashariki na magharibi jua huingia chini chini na hakuna kibaraza (ukingo wa paa unaotokeza mbele) kinacholizuia. Dodoma jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni, kibaraza cha sentimita 90 kinatia kivuli cha mita 1.6 kwenda chini, yaani dirisha zima. Mbulu mnataka kinyume chake, jua la Juni na Julai liingie, kwa hiyo kibaraza cha sentimita 50 kinatosha na uso utazame kaskazini.

Shimo la majaribio

Chimba pale ukuta wa nyuma utakapokaa, hadi mita 1 chini ya sakafu inayotarajiwa. Kwa nyumba yetu ni mita 2.5. Kata kingo kwa ngazi, usiache ukuta wima, na mchimbaji asiwe peke yake. Wakati wa kuchimba ni Machi au Aprili, mvua zikiwa zimeshalowesha kilima. Anayechimba Septemba anadanganywa na kiangazi. Liache shimo siku 2. Maji yakichuruzika kwenye kingo, jenga mahali pengine, au punguza kina cha kuchimba na uinue tuta.

Chukua pia udongo wa kila tabaka. Jaza theluthi ya chupa ya lita 1, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa mpaka mkono uchoke. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja au mbili, udongo laini baada ya saa chache, mfinyanzi baada ya siku. Mfinyanzi ukizidi theluthi ya mashapo yote, udongo huo usiugusishe ukuta. Utumie juu kama kifuniko tu.

Mchoro: nyembamba na ndefu

Mwanga wa dirisha moja huingia ndani kiasi cha mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa kichwa cha dirisha kutoka sakafuni. Dirisha likiishia mita 2.4 juu, mwanga wa maana unafika mita 5 hadi 6. Ndiyo sababu kina cha nyumba ni mita 6 na si 10. Panga sebule na vyumba vya kulala vyote mbele, kila kimoja na dirisha lake linalofunguka, bila nondo zisizofunguka. Moto ukiwaka, chumba kisicho na dirisha ndani ya mlima hakina mlango wa pili. Nyuma weka stoo, korido na bafu, na uviwekee tundu la mwanga juu ya paa lenye kingo zilizoinuka sentimita 30 juu ya udongo.

Kuta za kati zinazotoka mbele hadi nyuma ziwe kila baada ya mita 3 hadi 3.5. Hazigawi vyumba tu. Ndizo zinazoushika ukuta wa nyuma usipinde na kulibeba paa. Fundi akikuomba aziondoe ili sebule iwe kubwa, mwambie amuulize mhandisi. Na mhandisi aliyesajiliwa ni lazima awepo: halmashauri inaweza kumtaka kwenye kibali cha ujenzi, na eneo hili la Bonde la Ufa hutetemeka mara kwa mara. Vipimo vya zege na nondo vilivyomo humu ni vya kukusaidia kuelewa na kukadiria. Mchoro wake ndio unaojengewa.

Kuchimba

Anza kwa kukwangua udongo wa juu, ule wenye mizizi, sentimita 20, na uulundike pembeni chini ya nyasi. Ni kama mita za ujazo 30, na ndio utakaoota majani baadaye. Kisha kata mlima, ukiacha mita 1 ya nafasi ya kazi nyuma ya ukuta, na kingo ilale kwa 1 kwa 1. Kingo wima ya zaidi ya mita 1.2 isisimame hata siku moja huku mtu akifanya kazi chini yake. Udongo wa mita moja ya ujazo una uzito wa tani moja na nusu hadi mbili. Hauhitaji wote kumwangukia mtu.

Hesabu inakwenda hivi: utatoa kama mita za ujazo 130. Kufukia nyuma hadi usawa wa paa kunarudisha kama 115, paa linachukua 17. Yaani karibu unajitosheleza. Kokoto za nyuma ya ukuta zitachukua nafasi ya mita 12 hivi, na udongo wa kiasi hicho hivi ndio utakaobaki. Upungufu uko ubavuni, maana matuta ya pembeni yanataka kama 30 kila upande. Hapo wengi huita tipa. Ni nafuu kulaza zaidi kingo ya nyuma na kuchota humo, au kuziba ubavu kwa kuta fupi za mawe badala ya tuta.

Kabla mvua haijakukuta na shimo wazi, chimba mfereji wa kukinga mita 3 hadi 5 juu ya kingo: upana sentimita 60, kina 50, ukishuka sentimita 1 kwa kila mita kuelekea pembeni. Udongo wake utupwe upande wa chini, kama wakulima wanavyofanya kwenye mitaro ya fanya chini. Mvua ya milimita 50 juu ya mteremko wa mita 30 kwa 16 ni lita 24,000, na njia yake ya mkato ni nyumba yako.

Ukuta wa nyuma

Udongo mkavu wenye kimo cha mita 3 husukuma ukuta kwa kiasi cha tani 4 kwa kila mita ya urefu. Maji yakijaa nyuma yake, msukumo unafika kama tani 6 na nusu. Tofali za kawaida za inchi 6 haziwezi ugomvi huo. Tumia zege la nondo la unene wa sentimita 20 hadi 25, ratio ya 1:1.5:3, maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Ukuta wa mita 14 kwa 3 wenye unene wa 20 unameza mita za ujazo 8.4.

Kosa linalojirudia ni upande wa nondo. Ukuta unaosimama wenyewe bila paa hupasukia upande wa udongo, kwa hiyo nondo kuu zinakaa huko. Ukuta ulioshikwa juu na slabu (paa la zege) na chini na jamvi (zege la sakafu) hujipinda katikati kuelekea chumbani, na nondo kuu zinahitajika ndani. Fundi aliyezoea kuta za uzio atazipeleka nje bila kuuliza. Mwenye nyumba simama na mchoro mkononi siku ya kufunga nondo. Siku ya kumwaga zege umechelewa.

Maji: hapa usibane pesa

Ukuta ukikomaa, piga lipu nyembamba kujaza matundu. Kwenye kona kati ya ukuta na msingi, weka mshazari wa saruji wa sentimita 5, kwa sababu utando wa lami utakaofuata ukikunjwa kwenye kona kali ya nyuzi 90 utapasuka hapo hapo. Paka lami ya kwanza, iache ikauke, kisha choma utando wa lami wa milimita 4, tabaka 2, kwa gesi. Pembeni zipishane sentimita 10, mwishoni sentimita 15. Alama ya kazi nzuri utaiona: kamba nyembamba ya lami iliyoyeyuka ikichungulia kwenye kila kiungo. Pasipo na kamba hiyo, kucha ya kidole itainua utando, na maji yatafanya vivyo hivyo.

Usiuache uchi. Kokoto moja yenye ncha wakati wa kufukia inatoboa kazi ya wiki nzima. Uvalishe bodi za stairofomu za sentimita 3, au 5 kama uko Mbulu, ambako zinazuia baridi pia. Nje ya bodi weka kokoto safi za milimita 20, unene wa sentimita 30, zikitengwa na udongo kwa kitambaa cha kuchujia. Kitambaa hiki mafundi hupenda kukiruka kwa sababu hakionekani kina kazi. Bila hicho, vumbi la udongo hujaza nafasi za kokoto misimu michache tu, na mfumo mzima unageuka ukuta wa tope.

Chini ya kokoto lala bomba la inchi 4 lenye matundu. Matundu yatazame chini. Inashangaza wengi, lakini maji hupanda kutoka chini, na matundu yakitazama juu bomba litaanza kazi maji yakiwa yamelifunika. Mgongo wa bomba uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu hata pale lilipo juu kabisa. Lianze katikati ya ukuta na lishuke pande zote mbili kwa sentimita 1 kila mita, lizunguke ubavu, litokeze nje. Kwenye mteremko wa 1 kwa 4 litajitokeza lenyewe mita 2 au 3 mbele ya nyumba. Mdomo uzibwe kwa wavu, panya na nyoka wanapenda bomba baridi. Kila kona ya nyuma simamisha bomba la wima lenye kifuniko hadi juu ya udongo, la kusafishia.

Tangi la maji na shimo la choo vyote visikae mlimani upande wa juu wa nyumba. Tangi linalovuja taratibu mlimani litaulisha ukuta maji mwaka mzima, na utamlaumu aliyeweka lami.

Paa

Slabu ya sentimita 20 ina uzito wa kilo 480 kwa mita ya mraba. Udongo uliolowa wa sentimita 20 unaongeza 400, kokoto 90, watu 150 hadi 200. Jumla ni zaidi ya kilo 1,100, au karibu tani 97 kwa mita 84 za mraba zilizo juu ya vichwa vyenu. Kwa slabu ya kama mita 90 za mraba pamoja na kibaraza cha sentimita 50, kadiria zege mita za ujazo 18, saruji mifuko 144, mchanga mita 7.6, kokoto mita 15, na nondo kati ya tani 1.6 na 1.8. Mwaga kwa siku moja bila kukatiza, maana kiungo cha jana na leo ni mlango wa maji.

Mgongo wa slabu ushuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea ubavuni, usielekee mlango wa mbele. Lowesha siku 7 mfululizo kwa uchache. Weka utando kama wa ukutani, uupandishe kwenye kila kingo, kisha ziba njia za maji, jaza sentimita 5 na uache siku 2. Chora kwa chaki kila doa utakaloliona darini. Kuziba tundu leo ni kazi ya nusu saa. Likishafunikwa udongo, tone linaweza kuonekana mita 4 mbali na lilikoingilia. Ukiridhika, funika kwa kokoto sentimita 5, kitambaa, udongo wa juu sentimita 20.

Mfuko ukiwa mwembamba, liache paa la udongo. Fukia pande tatu hadi usawa wa madirisha, ezeka mabati yenye dari nzito, na utapata sehemu kubwa ya ubaridi bila slabu ile. Kwa familia nyingi huu ndio uamuzi tunaoupendekeza, ingawa hauna picha nzuri. Ila mhandisi aujue mapema, kwa sababu ukuta usio na slabu juu yake ni ule unaosimama wenyewe.

Kufukia

Slabu ingoje siku 28. Anayefukia mapema anausukuma ukuta ambao juu haujashikwa na kitu. Udongo uingie kwa tabaka za sentimita 20, ushindiliwe kwa mkono au kwa mashine ndogo, na nyuma isipande kuizidi ubavu kwa zaidi ya nusu mita. Kijiko (mashine ya kuchimbia) au tipa visikaribie ukuta chini ya mita 2. Tabaka la mwisho nyuma, sentimita 30, liwe mfinyanzi ulioshindiliwa ukiinamia mbali na ukuta.

Hewa na moto

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba hii, hata usiku mmoja wa baridi, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Gesi ya mkaa haina harufu na nyumba hii haina nyufa za kuitoa. Jiko la kuni au mkaa liwe nje; la gesi likae mbele kwenye dirisha.

Hewa safi iingie chini mbele kupitia matundu yenye wavu wa mbu, itoke nyuma kwa mabomba ya inchi 6 yanayopenya slabu na kuinuka mita 1 juu ya majani, yakipakwa rangi nyeusi ili jua liyapashe yavute. Maeneo ya miamba ya matale hutoa radoni, gesi isiyoonekana inayodhuru mapafu. Nailoni nzito chini ya jamvi, iliyopishana sentimita 30 na kubandikwa, pamoja na mabomba haya, ndiyo kinga. Mwaka wa kwanza zege litakuwa likitoa maji yake lenyewe. Acha sentimita 10 kati ya kabati na ukuta wa nyuma, na usipake rangi ya mafuta.

Kuifananisha na kilima

Kinachoisaliti nyumba kwa mbali ni mstari ulionyooka. Ukingo wa paa upinde kidogo kufuata mgongo wa kilima, na kuta za ubavu zishuke kwa mshazari mpaka zipotee ardhini badala ya kukatika kama sanduku. Uso ujengwe kwa mawe ya hapo hapo, au lipu ya mwisho ichanganywe na udongo mwekundu uliochimbwa kwenye msingi. Rangi ya dukani haitapatana nao. Bati linalong'aa la kibaraza cha jirani utalisamehe, lako hapana.

Matuta yasizidi mlalo wa 1 kwa 2. Juu yake panda nyasi za vetiva kwa mistari ya kukata mteremko, miche ikiachana sentimita 10 hadi 15. Paani isipandwe: mizizi yake inaweza kushuka hata mita 3. Paani panda ukoka, vipande vya sentimita 15 kila baada ya sentimita 20, mwanzo wa mvua za Desemba. Mkuyu, mkaratusi na mwarobaini vikae mbali, angalau mita 10. Na weka uzio. Ng'ombe hawatalivunja paa, lakini njia yao ya kila siku itakuwa mfereji, na mbuzi hawana adabu na tundu la mwanga.

Kila Novemba, kabla ya mvua, fungua vifuniko vya mabomba ya wima na umimine ndoo 5 za maji kwenye kila kimoja. Yatoke kwenye mdomo wa mbele ndani ya dakika chache, na yawe meupe. Yakitoka na tope, kitambaa kimetoboka mahali. Yasipotoka, ingiza waya wa kuzibulia siku hiyo hiyo. Fukua pia mfereji wa kukinga, maana mwaka mmoja wa majani na mchanga unatosha kuujaza.